Samaki wa Birika Langu, Kioo cha Mdogo Wangu

Sanduku lile la kioo lililetwa na mdogo wangu, na nauli ya kulipandisha chomboni ilitoka kwa mumewe. Naanza na hilo nisije nikalisahau mbele, maana nijijuavyo, nikifika katikati ya maneno haya nitataka kulifanya langu.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Baadhi ya Wazungu wa Mombasa walikuwa wakifunga mizigo na kuhama, na shemeji yangu, aliyekuwa dereva wa mmoja wao, akapewa sanduku la vioo lenye fremu ya chuma, urefu wake kama mkono mmoja na nusu, ambalo bwana wake alikuwa akifugia samaki sebuleni. Akapewa na maarifa yake: vipi hutiwa udongo, vipi hupandwa majani, na vipi mtu hulipanga mara moja vizuri kisha akaliacha lijitunze lenyewe. Shemeji alimweleza mkewe, na mkewe akayashika yote. Mdogo wangu tangu utotoni akiambiwa neno mara moja hulishika. Mimi husahau, kisha nikajifanya nilikuwa nikilifikiri.

Mama wakati huo alikuwa hatembei. Homa ilimshika, ikamwacha, lakini miguu haikumrudia. Alilala chumba cha ndani, juu, na mimi ndiye niliyekuwa naye, kwa sababu niliachwa na mume na nikarudi nyumbani. Kumwogesha, kumgeuza, kumlisha, kumpaka wanja siku ya Ijumaa, maana hata kitandani hakutaka kuonekana bila wanja. Simhesabii. Nasema tu kwamba ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na nilidhani mtu akiona kazi ile huona na mapenzi yaliyomo ndani yake. Huenda nilikosea. Mwaka ule mama aligeukia ukuta. Ukimwekea uji, hunywa vijiko viwili akasema basi. Ukimwambia habari za mtaani, husema "haya," na ukuta ndio anaoutazama.

Basi mdogo wangu akaja kumwangalia, na sanduku likaja nyuma yake, limefungwa kwa magunia. Wachukuzi walipolifungua pale kiwandani, yaani ua wa ndani wa nyumba, jirani yetu wa mkabala akachungulia mlangoni.

"Jeneza la kioo," akanena. "Mfalme gani aliyekufa, na sisi hatukuambiwa?"

Mdogo wangu akamjibu, "La kukuzikia wewe, shangazi, ili watu waendelee kukuona ukisengenya."

Juu kule, kitandani, mama alisikia, akacheka. Nililisikia cheko lile nikiwa ngazini na bakuli la uji mkononi. Mimi nilikuwa sijamchekesha tangu miguu imwache. Sikujaribu, kusema kweli. Sikujua kama mgonjwa wa namna ile huchekeshwa.

Mwanzo lilivuja. Lilitiwa maji ya kisima palepale kiwandani, likaachwa, na kona moja ikawa inatoa machozi. Nilifurahi kidogo, na hilo naliandika kwa sababu ni kweli. Mdogo wangu hakubabaika. Alitafuta ule udongo wa mafuta wanaobandikia vioo vya madirisha, akaupaka kwa kidole pembe zote, akangoja ukauke, akalijaza tena. Halikuvuja.

Matope yaliletwa na binamu yetu anayelima ng'ambo, Kililana. Alifika na gunia linadondosha maji ngazini nilikokwisha kupiga deki.

"Kila nikivuka watu huniagiza mahindi na maembe," akasema. "Nyinyi mwaniagiza matope. Safari ijayo mtataka mbu?"

"Mbu tunao wa kutosha," akasema mdogo wangu. "Nataka majani. Yale yanayomea ndani ya maji, penye vidimbwi vyenu."

"Hayo hata ng'ombe hawali."

"Ng'ombe hawajaalikwa."

Akayaleta. Mengine marefu membamba kama ukindu wa kusukia mkeka, mengine yana manyoya kama mkia wa paka, na shina moja la yungiyungi lenye majani mawili mekundu madogo. Mdogo wangu aliyaosha akayakagua kama anayechagua mchele. Matope akayachekecha, akatoa mizizi na mawe, akayatandaza chini ya sanduku, kina cha vidole viwili. Juu yake akatandaza mchanga wa vilima vya Shela, na mchanga huo aliuosha mara nyingi mpaka maji yakatoka kama hayakupita mchangani. Hapo sanduku lilikwisha kupandishwa juu, chumbani mwa mama, likawekwa juu ya sanduku la nguo, mahali panapopata mwangaza wa kiwandani asubuhi lakini jua halipigi.

Nilimuuliza, "Matope chumbani mwa mgonjwa?"

"Dada, majani hula nini kama si matope?"

"Na harufu?"

"Haitanuka. Ngoja uone."

Neno hilo, ngoja uone, alilitumia sana. Mimi sikuwa na subira nalo kwa kuwa kila mara niliona.

Sasa ili maji yasichimbue mchanga yakitiwa, palihitajiwa sahani chini, maji yamwagwe juu ya sahani. Nikasema nitaleta ya bati jikoni. Mama, ambaye alikuwa amegeuka kututazama (alikuwa amegeuka, nisipite hapo haraka, aliupa ukuta mgongo), akanyoosha mkono kwenye zidaka, zile nafasi za ukutani tunamopanga vyombo vya pambo.

"Mpe ile ya buluu."

Sahani ya buluu ilikuwa ya bibi yake. Mimi tangu kuzaliwa nimeifuta vumbi nikiwa nimezuia pumzi. Siku ya harusi yangu niliiomba itiwe halua tu, ipelekwe kwa wakwe kisha irudi, mama akakataa. Na leo ikatiwa matopeni. Mdogo wangu hakuiomba, nataka hilo lijulikane. Alishtuka hata yeye. "Hiyo, mama?" akauliza. Mama akasema, "Hiyo. Imekaa sana ikitazama watu. Na ikaoge."

Ikabaki humohumo chini, haikutolewa.

Maji yakawa jambo lingine. Kisima chetu kina chumvichumvi, maji yake ni ya kuogea na kufulia. Ya kunywa hutoka Shela, huletwa na punda, na nyumbani mwetu hayamwagwi hata kidogo. Chini ya mtungi huwekwa bakuli la kukingia yanayodondoka. Mdogo wangu akasema majani ya maji matamu hayatavumilia kisima. Akajaza sanduku zima maji ya Shela. Nilisimama nikaangalia debe baada ya debe la maji ya kunywa likimwagwa juu ya sahani ya bibi yake mama, na mimi nimeoga maji ya chumvi tangu nizaliwe.

Akaliacha hivyo, majani na maji tu, muda mrefu kuliko nilivyodhani. Maji yalichafuka, yakawa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Nikataka kuyamwaga. Akanizuia. Yakawa kijani. Nikataka tena. Akanizuia tena. Kisha asubuhi moja yakaamka meupe, unaona mpaka ukuta wa nyuma, na konokono wadogo waliokuja na majani wanapanda kioo. Mama alikuwa anawaangalia konokono huku anakula mkate. Mkate mzima.

Hapo ndipo mdogo wangu akahitaji samaki, na samaki wakatoka kwangu.

Anayekaa Lamu hahitaji kuelezwa, lakini haya huenda yakasomwa na wengine. Nyumba zetu za mawe chooni mna birika la maji lililojengwa kwa chokaa, na ndani ya birika hufugwa visamaki wanaokula viluwiluwi vya mbu. Birika la nyumba yetu lilikuwa langu. Mimi nililitoa maji na kulisugua kwa makumbi ya nazi mpaka kuta zikang'aa, mimi nilijua ni samaki gani wanapungua na gani wanazaa, na majirani wakifiwa na samaki wao walikuja kwangu na kopo. Kama kulikuwa na kitu katika mji huu ambacho watu walisema nakijua, ni hicho. Si kikubwa. Lakini ndicho.

Mdogo wangu akaja na chujio la tui, akawachota kumi na kitu, akawazoeza pole kwa kuwatilia maji ya Shela kidogo kidogo katika beseni, kisha akawamimina katika kioo.

Birikani samaki unamwona kwa juu, mgongo tu, katika giza la choo. Mgongo wao ni wa kijivu. Miaka yote ile nilijua wana migongo ya kijivu. Katika kioo wakageuka ubavu, mwangaza ukawapiga, na madume yakawa na mikia ya rangi ya machungwa, mengine doa la kijani ubavuni, jingine jeusi kama limepakwa wanja. Wakapita katikati ya yale majani marefu, na yungiyungi lilikuwa limefungua jani la tatu. Uzuri wake siwezi kuukana.

"Kumbe ndio walivyo hawa?" mama akasema. "Miaka yote wamo kizani." Kisha akamwita mdogo wangu asogee, "Ndoo, mwanangu, ndoo nikubusu."

Waliokuja kumjulia hali wakasema mashaallah. Nami nikasema mashaallah, kwa sababu mtu akiona kizuri asiposema hivyo hudhaniwa ana kijicho. Nilisema kwa ulimi. Nikaenda chumbani kwangu nikasema tena, peke yangu, nione kama safari hii itatoka moyoni, na sijui mpaka leo kama ilitoka.

Nilikuwa na mazoea ya kuandika mistari michache kila siku, kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Skuli sikukaa sana. Siku ile niliandika: Samaki ni wa birika langu. Nikaona haya, nikaongeza: lakini kioo si changu, wala sikuwahi kufikiri kuwatazama ubavu.

Kabla ya kuondoka mdogo wangu alinipa maagizo, na maagizo yenyewe yalikuwa nisifanye kitu. "Usisugue, dada. Usibadilishe maji. Yakipungua, ongeza yaliyopungua. Chakula chembe ndogo, na siku nyingine usiwape. Majani yakizidi, yapunguze kwa mkasi. Basi."

"Na kinyesi chao?"

"Huliwa na majani."

"Na kile kijani cha kwenye kioo?"

"Huliwa na konokono."

Nikamwambia, "Kwa hivyo mimi hakuna kinachonihusu."

Akacheka, akadhani namtania.

Nimelelewa katika nyumba ambayo mtu hupendwa kwa alichofanya. Sasa nikapewa kitu kilichostawi vizuri zaidi ninapokiacha. Nikiingia asubuhi na beseni la kumwogesha mama, naanza kwa mgongo, nabadilisha shuka, naufunga mlango wa choo, nateremka kuwasha moto, napanda na chai. Na lile sanduku limekaa tu, halijafanyiwa lolote, na mama macho yako huko. Nikimgeuza upande wa pili ili mgongo usichubuke, husema, "Wanizuilia." Alikuwa anakula. Alikuwa anaongea. Alikuwa anawaambia wageni habari za dume jipya linalomsumbua mwenzake, kama habari za mtaani. Na kila mgeni alipouliza kitu kile kimetoka wapi, alisema, "Mwanangu kaniletea." Ni kweli kaletewa na mwanawe. Lakini uji alioshika mkononi nao aliletewa na nani?

Hayo ya uji sikuyasema kwa sauti. Nimeyasema hapa.

Joto la chumbani lilikuwa linapunguza maji kila wiki. Mwanzo niliongeza ya Shela. Siku moja mama akaniona na kata ya maji ya mtungini.

"Wafanyani?"

"Nawaongezea."

"Mai ya kunwa?" akasema. "Hawa wazazi wao na wazazi wa wazazi wao wamekaa mai ya kisima. Leo wamekuwa mabwana wakubwa? Watilie ya kisima."

"Mdogo wangu alisema—"

"Mdogo wako uko Mombasa, afungua mfereji. Hajui mai hapa hupatwaje."

Hilo lilinipendeza. Mara ya kwanza mama aliona kosa upande ule. Nikatilia ya kisima, na kila wiki nikatilia ya kisima. Samaki hawakujali. Nami nilidhani lililo sawa kwa samaki ni sawa kwa sanduku zima. Nani katika mji huu angedhani vinginevyo? Sisi maji tunayapima kwa samaki. Samaki akiwa hai birikani, maji ni mazuri. Majani ya majini hatukuwahi kufuga.

Lakini maji yakipanda hewani chumvi haipandi nayo. Inabaki, na juu yake unaongeza chumvi nyingine. Lile yungiyungi likaanza kuungua ukingoni, kama karatasi karibu na moto. Yale ya manyoya yakapukutika. Nikafikiri ni njaa, nikafikiri ni umri, na nikafikiri jambo la tatu, kwamba ni jicho langu. Nikawa nikiingia chumbani naangalia chini.

Mdogo wangu alirudi mwaka uliofuata, baada ya Idi. Alimbusu mama mkono, kisha akaliendea sanduku. Alitia kidole, akakiweka ulimini.

"Dada, unatia maji gani humu?"

"Ya kisima."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alivuta pumzi, akasema taratibu, kama anayezungumza na mtu asiyemjua, "Nilikwambia ya Shela. Nilikwambia mara ngapi. Ulitaka yafe?"

Nikamtazama mama. Mama alikuwa macho, anasikia kila neno. Nilingoja aseme, "Mimi ndiye niliyemwambia." Hakusema. Aliwatazama samaki, akavuta shuka kifuani.

Ningeweza kusema mwenyewe. Nilinyamaza, na sababu yake nimeitafuta sana. Moja ni adabu, huwezi kumsimamisha mama yako mgonjwa mbele ya mtu ukamtolea ushahidi. Ya pili ni kuwa mama aliagiza maji, lakini hakuagiza ile furaha niliyokuwa nayo nikiyatia. Kwa hiyo lawama ya mdogo wangu haikuwa ya uongo mtupu. Ilikuwa imekosa mlango, lakini nyumba ni hiyohiyo.

Alitoa nusu ya maji, akatia ya Shela, na siku chache baadaye akafanya tena. Akakata yaliyoungua. Kabla mwezi haujaandama jani jipya la yungiyungi lilikuwa limechomoza, limejikunja kama ulimi wa mtoto. Mama akapiga makofi kwa vidole.

Na hapo, mdogo wangu akiwa ameshinda hivyo, ndipo akasema alilojia.

"Mama, nataka nikuchukue. Hospitali ya Mombasa ipo karibu nasi, daktari wa mifupa yupo. Nyumba yetu ni ya chini, hakuna ngazi. Dada naye apumzike."

Neno la kunipumzisha lilinipiga kuliko maji ya kisima. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka nachambua mchele, nikaendelea kuchambua, nikitupa mchele na kuacha mawe. Mama akienda, mimi ni nani katika nyumba ile? Mwanamke aliyeachwa, mwenye birika safi. Lakini kila alilosema lilikuwa kweli. Daktari alikuwako. Ngazi hazikuwako. Na mikono yake ni laini kuliko yangu, mama alishawahi kusema.

Mama akanyoosha kidevu kwenye kioo.

"Na hawa?"

"Nitakutengenezea kingine, mama. Kikubwa kuliko hiki."

"Nimezoea hawa."

"Hawa na matope yao hawasafiriki, mama."

"Basi," mama akasema. "Nami siwezi kuwaacha."

Mdogo wangu akainamisha kichwa. Nikaona machozi yanamlenga, na nikaona pia moyo wangu umepaa juu kama tiara. Mama anabaki. Nikateremka jikoni na ule ungo wa mchele, nikakaa mbele ya moto usiowashwa, na furaha ile ikaanza kuchacha. Anabaki kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya samaki. Si mimi. Lile sanduku ambalo nililionea wivu mwaka mzima ndilo lililonibakishia mama, na mdogo wangu alikuwa ameshindwa na kitu alichokileta kwa mikono yake mwenyewe.

Na neno lenyewe halikuwa sawa. Udongo hausafiriki, kweli. Lakini samaki? Kila nikilisafisha birika samaki wangu hushinda kutwa katika bakuli, na jirani mmoja aliwahi kuwachukua mpaka Mtangawanda, huko Pate, katika mtungi wa samli, wakafika wazima. Hakuna aliyelijua hilo kuliko mimi. Mdogo wangu hakulijua. Mama akitoa uamuzi juu ya jambo lisilo kweli, na mimi najua si kweli, nikanyamaza kwa sababu unanifaa, hiyo ni haki gani? Nilijiambia si kazi yangu. Nikajiambia tena. Mwisho nikapanda.

Nikawaambia wote wawili, "Samaki wanasafirika. Wakitiwa katika chupa pana, nusu maji nusu hewa, wasilishwe siku moja kabla. Watafika. Mama akitaka kwenda, samaki hawamzuii."

Mdogo wangu aliniangalia kama hajapata kuniona.

Mama alinigeukia, na macho yake yalikuwa makali, yale ya zamani, ya tulipokuwa tukivunja vyombo.

"Nani alokuuliza?"

Nikaanza kukunja shuka iliyokwisha kukunjwa.

"Nimeuliza, nani alokuuliza wewe habari za samaki? Mtu hapumui katika nyumba hii ila mwasema. Nishanena sendi. Sendi Mombasa, sendi kwa daktari wa mifupa wala wa nyama. Mmoja avuta huku, mmoja asukuma kule. Nipa mai ya kunwa."

Nikampa. Nikamshikia kikombe. Alikunywa akiwa ananitazama mimi, si samaki, lakini ilikuwa kwa hasira, kwa hiyo sijui nilihesabie wapi.

Kama alitumia samaki kuwa kisingizio ili asimvunje moyo mdogo wangu, na mimi nikakivunja kisingizio, basi nilikuwa mjinga. Kama kweli alibaki kwa ajili ya samaki, na akakasirika kwa kuwa nilimtia katika haja ya kuchagua upya, nilikuwa mjinga vilevile. Sikumuuliza wakati ule, wala baadaye alipokuwa na muda wa kuulizwa.

Mdogo wangu alinikuta ngazini jioni ile. Tulikaa kidato kimoja, kama tulipokuwa wadogo, kwa kuwa ngazi zetu ni nyembamba na mmoja lazima akae kwa ubavu.

"Ulifikiri ningefurahi ukisema vile?" akauliza.

"Nilifikiri ni haki."

"Wewe na haki zako." Akafuta pua kwa ncha ya leso. "Wajua kwa nini nilileta kile kioo? Nilitaka awe na kitu changu cha kutazama. Wewe anakutazama kila siku."

"Hanitazami. Anatazama kioo chako."

"Basi sote tumekula hasara," akasema, akacheka kidogo, nami nikacheka, lakini hatukukumbatiana. Sisi si watu wa kukumbatiana. Ndipo nikamwambia kuwa maji ya kisima yaliagizwa na mama. Akasema, "Nilijua jana. Alinambia mwenyewe, na akanikataza nisikwambie kama nimejua."

Aliniomba samaki wachache wa kwenda nao. Nilisema nitamgawia. Nikachukua chupa pana ya achari, nikaiosha mpaka harufu ikaisha, na asubuhi ya safari nikapiga magoti mbele ya kioo na chujio. Nilitaka kugawa sawasawa, na hapo ndipo nikaona shida ya kugawa sawasawa ukiwa na wivu. Nikimpa madume mazuri, nitakuwa najionyesha mkarimu. Nikimpa hafifu, nitakuwa nilivyo. Nikachota kwa zamu, mmoja wake, mmoja wa mama, bila kuchagua. Na chujio likatoka na lile jike kubwa, lenye mimba mpaka tumbo limekuwa na pembe kama kisanduku, ambalo mama alikuwa akilisubiri lizae. Ilikuwa zamu ya mdogo wangu. Nililishika kwenye chujio kwa muda ambao samaki haupendi. Kisha nikalitia chupani.

Alishuka gatini na chupa chini ya buibui, ameikumbatia kwa mikono miwili, akawa anawaambia watu wa mashuani wasimsukume. Hakunipungia mkono kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Nilipopanda juu, mama alikuwa anahesabu kwa macho.

"Amekwenda?"

"Amekwenda, mama."

"Umempa yule mwenye mimba."

"Ilikuwa zamu yake."

Mama akatikisa kichwa juu ya mto, pole pole, kwa masikitiko ya kweli.

"Ungempa mwengine," akasema. "Wewe hujui hata kuiba."

Kisha akainua mikono yake miwili, kama afanyavyo akitaka kugeuzwa, nikamgeuza, na safari ile akawa amekipa kioo mgongo, ameangalia mlango.